Tumekwama kipindi cha 4 cha Preacher: tuendelee au tuzime?

Wapendwa wahariri,

Naomba mnitoe kwenye mvutano ambao umefanya rimoti ya nyumbani kwetu iogopwe.

Nimesoma matoleo yote 66 ya Preacher, ile katuni ya Garth Ennis na Steve Dillon, na siku zote nilisema hadithi ile haitengenezeki kwa televisheni. Sasa mimi na mume wangu tumeanza kuangalia tamthilia yake. Tumemaliza kipindi cha 4 cha msimu wa kwanza na tumekwama, kila mtu kwa sababu yake.

Mimi siielewi kasi yake. Kwenye kitabu mchungaji Jesse, mpenzi wake Tulip na Cassidy mnyonya damu wako barabarani tangu mwanzo. Hapa tumezunguka kijiji kimoja cha Texas vipindi vinne na hakuna aliyefunga hata begi. Halafu kuna wale wanaume wawili wenye kopo la kahawa. Cassidy amewaua kanisani, amewazika, na bado wanatembea. Mume wangu aliniuliza imekuwaje, mimi msomaji wa kitabu nikakosa jibu.

Yeye ni mzee wa kanisa na hajawahi kushika katuni hiyo. Alicheka sana Cassidy aliporuka kutoka kwenye ndege akiwa na mwavuli. Lakini yule muumini aliyejitoa moyo mbele ya mama yake alimnyamazisha, na tangu siku hiyo anauliza swali moja: hii kejeli inamlenga Mungu, au inawalenga wanaolitumia jina lake? Anasema ikiwa inamlenga Mungu, yeye hatapoteza muda wake tena. Mimi sitaki kumdanganya ili nipate mtu wa kukaa naye kwenye kochi.

Tena mdogo wangu wa miaka 14 anayeishi nasi amesikia kicheko kile cha ndege na anataka kuangalia. Anasema ni katuni, kwa hiyo ni ya rika lake.

Je, inastahili muda wetu? Na kama inastahili, tuiangalie vipi?

Mke wa Mzee

*

Dada,

Inastahili. Lakini acheni kuangalia kipindi kimoja kimoja. Kaeni siku moja muangalie cha 5 na cha 6 mfululizo, bila kulala katikati, kisha ndipo mwamue. Mmesimama mahali pabaya kuliko pote katika msimu huo: maswali yote yameshamwagwa mezani na hakuna hata moja lililojibiwa. Si ajabu mtu kuachia hapo. Ni hasara, kwa sababu ufunguo uko vipindi viwili mbele.

Tuanze na wewe, maana tatizo lako ni la kalenda tu. Katuni ilitoka kuanzia 1995 hadi 2000 chini ya Vertigo, chapa ya DC iliyokuwa ya wasomaji wakubwa. Toleo la kwanza linawakuta wale watatu wameketi mgahawani wakisimuliana yaliyowapata. Kanisa la Annville, kile kijiji chenu cha Texas, limeshateketea pamoja na waumini wake. Tamthilia ililichukua tukio hilo la kurasa chache ikalitandaza kwenye vipindi 10. Maana yake msimu wa 1 karibu wote unapita kabla ya mahali ulipoanza wewe kusoma. Unasubiri safari, na waandishi wenyewe wamekusudia safari isianze hadi msimu uishe. Ukiisubiri kila kipindi utachoka. Uchukue msimu huu kama utangulizi ambao Ennis hakuuandika, na mabega yatashuka.

Sababu ya kufanya hivyo haihitaji siri za chumba cha waandishi. Hadithi ya barabarani ni ghali kupiga picha: kila kipindi mji mpya, hoteli mpya, sura mpya. Mji mmoja unajengwa mara moja na kutumika kwa wiki kadhaa. Kuna faida pia upande wa hadithi. Kwenye kitabu waumini wa Annville wanakufa kabla hujajua jina la yeyote. Kwenye televisheni unamjua dereva wa basi la shule, unamjua Emily anayepiga kinanda na kuhesabu sadaka, unamjua sherifu na kijana wake. Kitakachowapata watu hawa kitakuwa na uzito ambao kitabu hakikuwa nao. Hilo ni badiliko zuri. Kuna mengine tutakayolaumu, tulieni.

Sasa wale wawili wa kopo la kahawa. Mmoja ni DeBlanc, mwingine ni Fiore, na wote wawili ni malaika. Mmeshaona kwamba wametumwa kuchukua kitu kilichomwingia Jesse, na kwamba wanajaribu kukitoa kwa wimbo wa kumbembelezea mtoto, na wimbo ukishindwa wanawasha msumeno. Mwanzoni mwa kipindi cha 6 wanamweleza Jesse mgahawani kile kitu ni nini na kwa nini kimetoroka. Wewe unajua, maana kitabu kilikwambia mapema: Genesis, mtoto wa malaika na pepo. Mume wako ndiye anayenyimwa habari hiyo hadi kipindi cha 6, na ndiyo maana anaona vitu vinamwagwa bila mpango.

Baada ya maelezo hayo inakuja vurugu ya chumba cha hoteli, na hapo mtapata jibu la makaburi. Malaika wa hadithi hii akiuawa, mwili wake unabaki palepale sakafuni na yeye anatokea upya mlangoni, mzima, na silaha yake. Kwa hiyo anayewawinda, malaika wa ngazi ya serafi, hatakiwi kuuawa hata kidogo. Kila akiuawa anarudi akiwa na nguvu mpya, na kila anayemshambulia akifa naye anarudi. Dakika chache tu na chumba kimejaa maiti za watu walewale: serafi juu ya kitanda, serafi bafuni, DeBlanc chini ya DeBlanc. Wapiganaji wanajikwaa kwenye miili yao wenyewe. Hakuna mhusika anayesimama kueleza kanuni. Unaielewa kwa kuhesabu maiti. Angalieni jinsi kamera inavyobaki humo humo ndani ya chumba kidogo badala ya kukimbilia nje. Ucheshi wote unatokana na kubanana. Kama tukio lile halitamchekesha mzee, hakuna tukio la misimu yote minne litakalomchekesha.

Na sasa swali lake, ambalo ni zito kuliko lako, utuwie radhi.

Kabla ya kulijibu, mwombe akumbuke vizuri kile kifo kilichomnyamazisha. Ted alikuwa analalamika kila siku kuhusu mama yake. Jesse, akiwa amechoka kumsikiliza, alimwambia awe jasiri, amwambie ukweli, amfungulie moyo wake. Ushauri wa kawaida kabisa. Wachungaji huutoa kila juma. Lakini Jesse alikuwa ameshaingiwa na Genesis, na sauti yake ikawa Neno lisilokatalika. Ted akapanda ndege hadi Florida, akasema ukweli wake, na akaufungua moyo wake. Kwa kisu.

Hapo ndipo tamthilia yote imejengwa: amri inatiiwa jinsi ilivyotamkwa, si jinsi ilivyokusudiwa. Pitieni upya mlivyoviona. Kipindi cha 2, Jesse anamwambia dereva wa basi amsahau yule msichana. Anamsahau, kweli, na hilo linakwenda sawa kwa sababu amri ilikuwa nyembamba: mtu mmoja, kitenzi kimoja. Kipindi cha 4, anamwamuru Odin Quincannon, tajiri wa nyama, amtumikie Mungu. Kanisa zima linafurahi. Ila Jesse hakusema mungu yupi, wala atumikiwe vipi, na Quincannon si mtu wa kuachiwa tundu kwenye mkataba. Mwishoni mwa kipindi cha 5 mtaanza kuona amri hiyo imetua wapi. Na katika kipindi cha 6 kuna maneno machache Jesse anayatamka kwa hasira, maneno ambayo watu huyasema kila siku wakigombana na hawayapimi. Hatuyaandiki hapa. Mtayajua yakitoka, na chumba chenu kitakuwa kimya.

Ukiona hilo, unaona Jesse anadhihakiwa kwa nini. Ana mji wenye dhambi na ana njia ya mkato. Badala ya kukaa na watu, kuwasikiliza, kurudi kesho na kesho kutwa, anabonyeza. Waandishi wanamcheka mchungaji anayetaka matokeo ya wokovu bila hiari ya anayeokolewa. Mzee wa kanisa anaijua mada hiyo kuliko wahariri wa safu hii, na huenda ndiye mtazamaji mwenye cha kusema zaidi kuliko wote kwenye kochi.

Basi, kejeli inamlenga nani? Katika msimu wa 1, karibu yote inawalenga wanadamu na watumishi wa mbinguni wasiojua kazi yao. Kuanzia msimu wa 2, inawalenga pia wenyewe wanaoabudiwa, moja kwa moja, na usimwambie vinginevyo. Ndani ya hadithi hii Mungu ameacha kiti chake na kuondoka, na Jesse anamtafuta ili ajibu mashtaka. Hiyo ndiyo shina la kitabu cha Ennis, na kitabu ni kikali kuliko tamthilia. Anayetaka kazi ambayo mwishoni inarudisha kila kitu mahali pake kwa heshima, hataipata hapa.

Aya hii moja inafichua mambo ya mbele. Ni kwa ajili ya mume wako, ili aamue akijua. Katika kipindi cha 10 cha msimu wa 1 kanisa linapiga simu ya video mbinguni na anajitokeza mzee mwenye ndevu nyeupe. Tukio lina ukali, lakini lengo lake ni waumini waliokubali haraka. Msimu wa 2 unamweka Mungu ndani ya vazi la mbwa, na si kwa sekunde mbili. Kipindi cha 10 cha msimu huo kinafungua kwa Yesu kitandani na mwanamke, na kutokana na usiku huo linajengwa jambo zima la uzao wake unaofichwa na shirika la siri, uzao ambao umeoana wenyewe kwa wenyewe karne nyingi hadi umeharibika akili. Katika msimu huohuo Hitler yuko jehanamu, na anaandikwa kama mtu mpole anayeonewa na wafungwa wenzake. Hitler huyo mpole huenda akawaudhi kuliko yote. Hayo si matukio ya pembeni yanayoweza kurukwa kwa rimoti. Ni nguzo.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa ndoa yenu ni hili: angalieni msimu wa 1 pamoja hadi mwisho, vipindi 10, kisha mzee apewe ruhusa ya kushuka bila kununiwa. Msimu huo unafunga hadithi ya Annville, kwa hiyo atakuwa ameangalia kitu kizima, hakuachwa njiani. Wewe ukitaka kuendelea, endelea peke yako au na rafiki. Kumburuta mtu msimu wa 2 kwa hoja ya «subiri, itakuwa nzuri» ni kumkosea, kwa sababu kile kinachomkera ndicho kitakachoongezeka.

Tuseme sasa juu ya ubora, maana uliuliza kama inastahili saa zenu. Saa zenyewe ni hizi: kituo cha televisheni cha AMC kilionyesha misimu 4 kuanzia Mei 2016 hadi Septemba 2019, jumla vipindi 43, yaani 10, 13, 10 na 10. Kwa wastani wa dakika 45 hivi, ni kama saa 32. Hadithi ilimalizwa, haikukatwa katikati kama tamthilia nyingi za aina hii. Kwa msomaji wa matoleo 66 hilo si jambo dogo.

Vipindi vilivyobaki vya msimu wa 1 vinapanda ngazi. Cha 9 kitazame simu zikiwa mbali. Yule mtu wa farasi mliyemwona akisafiri mwaka 1881 kutafuta dawa ya mtoto wake mgonjwa, habari zake zilionekana hazina uhusiano na lolote, na mume wako pengine ameshauliza anatafuta nini humu. Kipindi cha 9 kinamrudia tena na tena, tukio lilelile kwa mkato unaozidi kufupishwa, hadi unaelewa mahali alipo na kwa nini analirudia. Wewe unamjua kwa jina, ni Saint of Killers, na bado utashtuka kwa namna walivyoijenga adhabu yake.

Msimu wa 2 ndio goti bovu. Unaanza kwa mbio: kipindi cha kwanza chenye polisi barabarani ndicho kinachofanana zaidi na kitabu chako kuliko chochote kilichotangulia. Halafu gari linaingia New Orleans na hadithi inapanda ghorofani na kukaa. Vipindi 13 vilikuwa vingi mno kwa kisa kilichokuwepo. Watu watatu wenye nguvu za ajabu wanakaa ndani ya nyumba ya mtu, wanatoka kwenda kuuliza kwenye vilabu vya jazi kama kuna aliyemwona Mungu, wanarudi. Tazama 1 hadi 3 kwa furaha. Cha 6 usikiruke, kwa sababu ndicho kinachoanzisha biashara ya roho na kumshughulikia Saint. Cha 7 pia usikiruke. Kinamleta Herr Starr na jinsi alivyopanda cheo ndani ya Grail, lile shirika la siri, na Pip Torrens anamcheza kwa uso mkavu kama karatasi ya mkopo. Cha 10 na cha 13 vinabeba hadithi. Vilivyobaki unaweza kuviangalia huku unakunja nguo, hutapoteza uzi. Usivipite kabisa, maana kila kimoja kimeficha dakika tano za maana katikati ya uzembe.

Msimu wa 3 ndio wenye mkono imara zaidi. Ni Angelville, nyumba ya bibi yake Jesse, ambayo wewe uliisoma katika matoleo ya 8 hadi 12 na huenda bado unaota lile jeneza la chini ya maji. Televisheni ilikisogeza kisa hicho mbali sana mbele, na ikamwongezea bibi kazi ya kuchukua roho za watu kama malipo, jambo ambalo halimo kitabuni. Utakasirika kwa robo saa ya kwanza. Kisha Betty Buckley ataanza kuongea kwa sauti yake ya upole, akimwita mjukuu, na utaacha kukasirika. Hapa uhamisho umefaa kwa sababu unawarudisha wote mahali pamoja penye hatari, na penye sababu ya kutoondoka. Ghorofa ya New Orleans haikuwa na sababu hiyo.

Msimu wa 4 una haraka, unafunga milango mingi kwa teke, na baadhi ya wahusika wanapata mwisho mwembamba kuliko walivyostahili. Lakini dakika za mwisho kabisa ni nzuri, na Cassidy amepewa kilicho chake.

Kuhusu Cassidy na wenzake: hapa ndipo tunapokutaka uweke kitabu chini kwa muda. Joseph Gilgun ni Mwingereza wa Lancashire anayecheza mnyonya damu wa Ireland, na anaongea kwa kasi ya mtu anayekimbia deni. Ruth Negga, aliyezaliwa Addis Ababa na kukulia Ireland, ni Tulip asiyefanana kabisa na yule mwenye nywele za dhahabu aliyechorwa na Dillon. Anafanya jambo ambalo karatasi haikuweza: anamfanya mtu anayetengeneza silaha ya kuangushia helikopta kwa makopo na vikaragosi vya askari, akisaidiwa na watoto wawili, aonekane ni mlezi mzuri. Mliona katika kipindi cha kwanza. Kama ulimchukulia kama pambo la kufungulia, rudi ukaangalie jinsi anavyozungumza na wale watoto. Anawapa kazi, anawaeleza hatua, na kabla ya mlipuko anawaficha. Tabia yake yote ya misimu minne imo humo.

Kitu kimoja cha kitabu kimepotea na hakirudi. Kwenye katuni, Jesse akitumia Neno, maandishi yake yanakuwa mekundu. Mume wako ataelewa mara moja kwa nini hilo lilikuwa wazo la akili: kuna Biblia zinazochapa maneno ya Yesu kwa wino mwekundu. Mchoro uleule unabeba utani na kufuru kwa pamoja, bila kusema neno. Televisheni haina wino, ina sauti, kwa hiyo sauti ya Jesse huongezewa tabaka zito la chini. Spika ndogo za kompyuta mpakato zinalimeza tabaka hilo, na unabaki na mwanamume anayepaza sauti tu. Kama hamna spika nzuri, tumieni hedifoni, au unganisheni sauti kwenye redio kubwa. Na washeni maandishi ya chini tangu mwanzo, hata kama Kiingereza chenu hakina shaka. Bila hayo mtakosa nusu ya utani wa Cassidy, na Eugene, yule kijana wa sherifu mwenye uso uliojeruhiwa, hamtamsikia vizuri, ilhali ndiye mhusika mwenye moyo mwema kuliko wote mjini.

Kabla ya kulipia huduma yoyote kwa ajili ya misimu iliyobaki, hakikisha wanayo yote minne. Haki za kuonyesha huhamahama, na kuna wenye msimu mmoja au miwili tu. Hesabu vipindi: kama msimu wa 2 hauna 13, kuna kilichopungua.

Ukitaka kusoma upya sambamba na kuangalia, usifanye hivyo wakati wa msimu wa 1. Maliza kwanza, kisha soma matoleo ya 1 hadi 7, ambayo ndiyo kitabu cha kwanza cha mkusanyo, ndipo uanze msimu wa 2. Ukifanya kinyume utakaa na orodha ya makosa mkononi badala ya kuangalia.

Na kama mzee atashuka baada ya Annville lakini bado mnataka kukaa pamoja na kitu chenye ulimi mchafu, jaribuni The Boys, iliyoanza 2019. Nayo inatokana na katuni ya Ennis, safari hii na mchoraji Darick Robertson, matoleo 72 ya 2006 hadi 2012, na Seth Rogen na Evan Goldberg wako nyuma ya tamthilia zote mbili. Damu ni nyingi zaidi, ila kejeli imeelekezwa kwa mashujaa wa kuruka angani na kampuni inayowauza. Dini inapoguswa, inaguswa kama biashara. Kwa maoni yetu, pale televisheni iliishinda katuni yenyewe, jambo ambalo hatuthubutu kulisema kuhusu Preacher.

Limebaki la mdogo wako. Jibu ni hapana, na kufuru siyo sababu yetu kuu. Marekani tamthilia hii imewekewa alama ya TV-MA, yaani si ya walio chini ya miaka 17. Kinachotutia shaka zaidi ni kujiua. Ted anakufa kwa mkono wake mwenyewe na tukio limeandikwa kama mzaha wenye mshindo. Uso wa Eugene umekuwa vile kwa sababu alijipiga risasi, na kwa misimu minne sura yake inatumiwa kuchekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja. Mtu mzima anaweza kushika vyote viwili. Kijana wa miaka 14 anaweza kushika kicheko tu, au huzuni tu, na hutajua ni kipi hadi baadaye. Hoja yake kwamba ni katuni kwa hiyo ni ya rika lake, mjibu kwa kumwonyesha jalada: Vertigo waliandika wazi kwamba ni ya wasomaji wakubwa. Kile kipande cha ndege na mwavuli, kama mnataka kumtuliza, kina damu ya kutosha kukifanya kisiwe zawadi pia, kwa hiyo msikitumie kama chambo.

Cha 5 na cha 6 pamoja havifiki saa mbili. Anzeni mapema, yeye akiwa ameshalala.